Mwanao Anafanya Kazi Gani?



Ndugu msomaji, nataka leo nikuhadithie jambo lililonipata nyumbani kwangu. Si kwamba napenda kuyatoa ya nyumbani nje, bali najua wako wazazi wengi katika mwambao wetu walio katika hali ile ile niliyokuwa nayo mimi, na huenda aibu yangu ikawa mazingatio kwao. Aliyetangulia akijikwaa, anayemfuata huinua mguu.

Usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya tarawehe, tulikuwa tumeketi barazani kama ilivyo ada yetu, wazee watano, na birika la kahawa katikati. Jirani yangu wa miaka mingi akaniuliza: "Huyu mwanao aliyekuja likizo, huko chuo kikuu bara anasomea nini?" Swali dogo hilo, ndugu msomaji, lakini ulimi wangu ulikuwa mzito. Mwanangu alikuwa akisomea uchoraji wa picha, na mimi nilikuwa sijapata kulitamka neno hilo mbele ya watu. Nikajibu: "Anasomea uhandisi wa majumba." Wazee wakasema mashallah, na mmoja akamwombea dua.

Nilipogeuza uso nikamwona mwanangu amesimama mlangoni na sinia ya vikombe mkononi. Akaja, akainama, akawamiminia wazee kahawa mmoja mmoja, akaanza na yule aliyeuliza, na mimi akanimiminia mwisho. Uso haukubadilika. Akasema, "Karibu, Baba," akarudi ndani.

Nilikuwa nimetoka msikitini, udhu wangu ungali juu yangu, katika mwezi ambao mtu hujizuia hata na maji ya halali. Nami nikaona wepesi kusema uongo juu ya mwanangu wa kumzaa. Kwa ajili gani? Kwa ajili ya neno moja, mchoraji.

Mimi nilikuwa karani wa bandarini miaka 31. Katika nyumba zetu kazi za heshima tunazijua: udaktari, uanasheria, uhasibu, uinjinia, au mtu awe na duka lake. Mchoraji tunamjua kuwa ni yule anayeandika vibao vya maduka na kupaka majina ubavuni mwa majahazi. Tunamwita tukiwa na haja naye, tunavutana naye bei, tunamlipa, tunamsahau. Mtoto wangu tangu mdogo alikuwa akichora kwa mkaa katika ukuta wa uani. Mama yake akipaka chokaa, naye akichora tena juu ya chokaa. Siku moja nilimpiga kwa ajili hiyo. Alipopata nafasi ya chuo kikuu akachagua uchoraji, nilitoa karo kama mtu alipaye faini.

Alimaliza, akarudi na shahada yake. Hapo ndipo uongo wangu ulipoanza kuzaa. Haikupita miezi minne, jirani yule akaja nyumbani na ramani mkononi. Nyumba yake ni ya kale, kuta za mawe ya matumbawe na dari ya boriti za mikoko, naye alitaka kuongeza ghorofa juu ili amwoze kijana wake. Alimtaka mwanangu, huyo mhandisi niliyemtengeneza mimi kwa ulimi wangu, amwambie kama kuta zitachukua uzito. Mwanangu akanitazama mara moja tu. Kisha akasema kwa adabu: "Mzee wangu, kazi hii si yangu. Nakuomba usiweke hata jiwe moja mpaka uitazamishe kwa mwenye kuijua." Jirani akaondoka amekunja uso, akidhani kijana ana kiburi au anataka fedha.

Usiku ule sikulala. Nilifikiri: je, angalimjibu kwa kunihifadhi mimi? Ingalianguka nyumba ile juu ya watoto wa watu, ningalimwambia nini Mola wangu? Alfajiri, baada ya sala, nilimshika mkono jirani yangu nje ya msikiti, nikamweleza kila kitu. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia: "Kumbe ulikuwa radhi nyumba iniangukie kuliko useme mwanao ni mchoraji?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Sasa, ndugu msomaji, huenda wewe unasema: wacha aibu za watu, hebu tuambie sheria, kazi yenyewe ni halali au si halali? Hili ni swali la haki, nami nililipeleka kwa sheikh wetu, kwa kuwa nilitaka, nikweleze kweli, anipe sababu ya kuukasirikia uchoraji. Sheikh hakunipa nilichokitaka. Alinikumbusha kuwa yamepokewa makemeo makali juu ya wenye kufanya sura za viumbe wenye roho, na kwamba wanazuoni wamesema mengi juu ya picha za namna mbalimbali, wengine wakikaza na wengine wakipambanua. Kisha akanisimulia habari iliyomo katika Sahihi zote mbili, ya Bukhari na ya Muslim: mtu mmoja aliyekuwa akila kwa kazi ya kufanya sura alimjia Ibn Abbas, na Ibn Abbas, baada ya kumsomea makemeo hayo, alimwelekeza kuwa kama hana budi na kazi hiyo, basi achore miti na vitu visivyo na roho. "Unaona?" akaniambia sheikh. "Hakumkata mtu huyu na riziki yake akamwacha njiani. Alimfunga mlango mmoja akamwonyesha mwingine. Wewe mwanao umemwonyesha mlango gani?"

Nikarudi nyumbani nikamwuliza mwanangu, kwa mara ya kwanza katika umri wake, anachora nini. Akanifungulia mafungu ya karatasi na vitambaa. Milango ya Lamu na nakshi zake. Mikoko maji yakiwa yamepwa. Tanga la jahazi. Kuta za mji wetu wa kale chokaa ikibanduka, na kivuli cha asubuhi juu yake. Nimepita njia zile miaka 60 sikuwahi kuziona.

Yeye ndiye aliyenihadithia habari za Ibrahim El-Salahi wa Sudan, nami nakuhadithia wewe. Mtu huyu alizaliwa Omdurman mwaka 1930, na baba yake alikuwa mwalimu wa Qurani, na chuo kiko nyumbani. Mkono wake ulizoea kalamu juu ya ubao kabla ya kushika burashi. Akasomea uchoraji Khartoum, kisha London katika shule ya Slade kuanzia mwaka 1954 hadi 1957. Aliporudi akafanya maonyesho ya picha zake Khartoum, na watu wake hawakuona humo kitu cha kuwahusu. Hakuwatukana. Aliacha kwanza kuchora, akazunguka nchi yake akitazama watu wa kawaida wamepamba nini: mikeka, vyombo, na zaidi khati za Kiarabu walizozitundika majumbani. Humo ndimo alimopata njia yake. Tena tazama namna alivyokula: alifundisha chuoni Khartoum, akafanya kazi katika ubalozi wa Sudan London, akaitumikia serikali katika wizara ya utamaduni, mwaka 1975 akafungwa jela zaidi ya miezi sita bila ya kuhukumiwa, baadaye akafanya kazi Qatar, na mwaka 2013 nyumba kubwa ya sanaa ya London, Tate Modern, ikamfanyia maonyesho ya kazi za umri wake wote. Yeye ni mchoraji siku zote hizo, lakini mkate haukutoka katika picha peke yake.

Hili ndilo la kwanza ninalotaka kijana aliyefuzu uchoraji alishike. Shahada ya uchoraji haina ofisi inayokungoja, kama ya udaktari inavyongojewa na hospitali. Inakupa mkono na jicho, na wewe ndiye wa kutafuta ni nani mwenye haja navyo. Nimetembea na mwanangu katika kutafuta huko, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza ni ualimu. Katika Kenya mtaala mpya umewafikisha wanafunzi wa mwanzo darasa la 10 mwezi wa Januari 2026, na moja katika njia tatu za masomo ya sekondari ya juu ni ya sanaa na michezo. Basi walimu watatakiwa. Lakini shahada ya uchoraji mtupu haimfanyi mtu mwalimu. Aliyesoma uchoraji bila ya elimu ya ualimu hana budi kuongeza masomo ya ualimu ndipo asajiliwe, naye aulize mapema ni masomo gani yatakayokubaliwa pamoja nalo. Wengi huligundua hili baada ya kumaliza, wakajuta.

Pili ni nguo. Mama zetu na dada zetu wanavaa kazi ya wachoraji kila siku, wala hakuna anayeuliza mchoraji ni nani. Leso ina pindo, ina mji, ina jina, na kila kimoja kimechorwa na mkono wa mtu kabla hakijafika mtamboni. Hapa Mombasa nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo leso zake zajulikana kwa maneno Mali ya Abdulla, iko katika biashara hiyo tangu mwaka 1887. Anayejua kupanga rangi na kuyafanya maua yajirudie bila ya kuonekana mshono ana kitu cha kuuza kwa wenye viwanda na wenye maduka ya nguo.

Tatu ni khati. Asidhani aliyefuzu uchoraji kuwa anaijua. Khati ina mabwana zake, ina kipimo cha nukta kwa kila herufi, na lazima akae upya chini ya mwalimu kama mtoto wa chuoni. Lakini mkono uliokwisha fundishwa hufundishika haraka. Misikiti inajengwa na inatengenezwa kila siku, na mara nyingi maandishi ya kibla huletwa kutoka nje ilhali Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilikuwa ikinakili misahafu ya kupendeza katika karne zilizopita. Huko Istanbul kipo kituo cha IRCICA, cha jumuiya ya nchi za Kiislamu, ambacho tangu mwaka 1986 hufanya mashindano ya khati kwa watu wa dunia nzima kila miaka 3. Kwa nini asipeleke kazi kijana wa Lamu au wa Unguja?

Nne ni hifadhi ya mambo ya kale. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, Lamu mwaka 2001, na Fort Jesus mwaka 2011. Humo Fort Jesus imo hata michoro ya vyombo vya bahari na watu iliyochorwa ukutani na Wareno. Vitu hivi havijihifadhi. Panatakiwa mtu anayejua rangi inavyozeeka na chokaa inavyopumua, anayeweza kunakili nakshi kwa usahihi kabla haijaliwa na mchwa. Kazi hizi ni chache, na huwataka waliojifunza zaidi, lakini zipo, tena ni za kwetu.

Tano ni vitabu na kompyuta. Vitabu vya watoto, alama za biashara, karatasi za kufungia bidhaa, matangazo, ramani za makumbusho: yote haya yanataka mchoraji. Aliyezoea burashi asiidharau kompyuta, na aliyezoea kompyuta asidhani mashine itamfundisha kuona.

Sita ni kuuza picha zenyewe, nami nimeiweka mwisho makusudi, kwa kuwa vijana huiweka mwanzo. Hapana asiyelisikia jina la Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba, hali hakusomea popote. Alifariki mwaka 1972, ameuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania siye. Lakini aliowafundisha walishikamana, mwaka 1990 wakawa na ushirika wao, na mpaka leo watu wanakula kwa jina lake. Funzo langu hapa si wanyama aliowachora, kwani habari ya sura nimekwisha kuisema. Funzo ni kuwa peke yake alikuwa mchoraji, na pamoja wakawa soko. Anayetegemea watalii peke yao naye akumbuke mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipofunga mahoteli mengi ya pwani. Ngalawa yenye matengo upande mmoja tu hupinduka kwa wimbi dogo.

Nije sasa katika jambo lililonipatanisha na mwanangu. Mwaka wake wa kwanza nyumbani, mwenye hoteli mmoja alimwita amchoree ukuta mzima wa ukumbi, majahazi na minazi, kwa shilingi 80,000. Walikubaliana kwa mdomo. Mwanangu akanunua rangi na burashi kwa fedha alizokopa, shilingi 27,000, akafanya kazi wiki tatu. Alipomaliza, mwenye hoteli akasema bahari imekuwa ya kijani mno, akampa 20,000, akamwambia ashukuru kuwa kazi yake imepata mahali pa kuonekana. Kijana akarudi ana deni la 7,000 na mikono mitupu. Akaketi uani, pale pale alipokuwa akichora kwa mkaa.

Nilimwuliza: "Mkataba uko wapi?" Hakuna. "Ankara je? Risiti ya rangi?" Hakuna. Chuo kilimfundisha miaka minne namna ya kuchanganya rangi, wala hakikumfundisha siku moja namna ya kudai haki yake. Na mimi, ndugu msomaji, mimi niliyeandika hati miaka 31, ambaye hata gunia moja halikutoka mbele yangu bila ya karatasi, nilimwacha mwanangu aende sokoni bila ya kalamu kwa kuwa nilikuwa naionea haya kazi yake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani ni ile ya kuandikiana deni. Nimeisoma mara ngapi! Nilidhani ni ya wafanyabiashara.

Fedha zile hazikupatikana. Lakini tangu siku hiyo hapana kazi inayoanza kwetu bila ya karatasi, na karatasi naandika mimi. Inataja kazi ni ipi na ukubwa wake, bei, nani anayenunua rangi, itakwisha lini, mwenye kazi anaweza kutaka mabadiliko mara ngapi, na arubuni, nusu ya bei, ilipwe kabla burashi halijaloa. Tena inataja haki ya kunakili. Hili sikulijua, na yafaa ulijue: katika sheria ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya mchoraji katika kazi yake hudumu umri wake na miaka 50 baada ya kufa kwake, ni urithi kama shamba, lakini kazi ikiwa ni ya kuagizwa, haki hiyo huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, ila wawe wameandikiana vingine. Mstari mmoja wa maandishi waweza kuwa ndio urithi wa wajukuu.

Baadhi ya watu hukasirika wakiona karatasi, wakasema: "Hamniamini?" Nasi tunawajibu kwa upole kuwa tunawaamini, na ndiyo maana tunaandika, ili shetani asipate pa kuingia baina yetu.

Sasa nina maneno matatu, kisha nikuage. Kwako wewe mzazi: usimfiche mwanao. Ukiona kazi yake ina kosa katika dini, mwambie kwa elimu na umwonyeshe njia. Na kama haina kosa ila haya zako, hizo ni mzigo wako, usimtwike yeye. Tena mtazame una ujuzi gani wewe unaoweza kumfaa. Kwako wewe kijana: shika kazi mbili au tatu, moja ya mkate na moja ya moyo, wala usimwonee haya Mola kwa kibao cha duka kilichoandikwa vizuri, Nabii Daud, juu ya ufalme wake, alikula kwa kazi ya mkono wake. Na kwako wewe mwenye mali unayemwita mchoraji: ujira wa mtu mpe kabla jasho halijamkauka, wala usimlipe kwa sifa. Sifa haiuzwi dukani.

Juzi nilikuwa katika feri ya Likoni, nikakutana na mtu tuliyekuwa naye bandarini zamani. Baada ya kujuliana hali akaniuliza: "Na mwanao, anafanya kazi gani siku hizi?"

Nikamwambia: "Mchoraji. Asubuhi anafundisha shule, jioni anachora."

Akanitazama, akauliza: "Inalipa?"

Nikamjibu: "Mwezi huu imelipa, mwezi uliopita tulingoja. Amechukua kazi ya kuchora nakshi za milango, na arubuni amekwisha pewa."

Mwenyezi Mungu atufanye tuwe wakweli wa ndimi zetu, na awabariki watoto wetu katika riziki ya halali. Amin.